Mita 26 kutoka katikati ya barabara

Mjomba alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi, saa ambayo mtu yeyote anayeishi mbali na kwao akiona jina la nyumbani kwenye simu anafikiria msiba. "Mpwa wangu, banda limelala," alisema. Nikauliza banda gani. "Banda la gari. Mvua imenyesha usiku kucha, asubuhi nimelikuta limeiegemea pikapu kama mlevi." Akacheka, akanyamaza, halafu akasema: "Njoo na futi kamba ndefu, ya mita 50. Safari hii nataka nipimiwe na mtu aliyesoma."

Ijumaa ile nikapanda basi.

Segera wengi wenu mmeipita bila kuiona. Ni pale basi la kutoka Chalinze linapofika njia panda: kulia Tanga, kushoto Korogwe, Moshi na Arusha. Unanunua machungwa dirishani, unakimbilia msalani, dereva anapiga honi, safari inaendelea. Mimi nimekulia pale, nyuma ya wale wauza machungwa, kwenye kiwanja cha Bibi ambacho leo ni cha Mjomba. Nilidhani nakwenda kusaidia ujenzi wa siku chache. Nikarudi Dar na daftari lililojaa, na hii makala ndiyo iliyotoka humo. Ni historia ya banda moja, lakini kila hatua ya kulijenga upya ilitulazimisha kurudi nyuma kwanza.

Tuanze na neno lenyewe. Mzungu akisema "garage" anaweza kuwa na maana mbili, nyumba ambamo gari linalala au mahali linapotengenezwa. Neno lilitoka kwa Wafaransa, kwenye kitenzi chao cha kuhifadhi chombo mahali salama, likaenea na magari mwanzoni mwa karne ya 20. Sisi tulipolichukua tukaligeuza gereji, na katika maongezi ya kila siku tukabaki na maana moja tu. Ukimwambia mtu wa Segera "gari liko gereji", atakupa pole. Gari likiwa limelala salama kwake, hilo liko bandani, au uani, au "lipo tu pale nje". Nadhani sababu ni rahisi. Kwa miaka mingi wenye magari ya kulaza walikuwa wachache, lakini magari mabovu tuliyaona wote.

Na hilo ni la tangu mwanzo. Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari akitaka kuvuka Afrika mpaka pwani ya magharibi. Alifika Swakopmund, Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Petroli yake ilitangulizwa na kuwekwa njiani, na gari lilipokufa lilikufa porini. Gereji ya kwanza ya nchi hii, kama tukitaka kuitafuta, ilikuwa chini ya mti fulani ambao hakuna aliyeuandika jina.

Hatua ya kwanza: kupima

Fundi yeyote atakwambia ujenzi unaanza na kiwanja. Mjomba yeye alisema unaanza na barabara. Asubuhi ya Jumamosi tulisimama kando ya lami tukisubiri malori yapite, nikamshikisha kijana wa jirani ncha ya futi kamba katikati ya barabara, mimi nikarudi nyuma nikihesabu. Mita 10, mita 20, mita 22 na nusu. Hapo Mjomba akaweka jiwe. Nikaendelea. Mita 26: nguzo ya mbele ya banda lililoanguka. Mita 30: akaweka jiwe la pili, karibu na kibaraza cha nyumba.

"Umeona?" akaniuliza. "Mimi sikuifuata barabara. Barabara ndiyo iliyonifuata."

Ili kumwelewa inabidi turudi mwaka 1974. Kabla ya hapo Bibi aliishi ndani, mbali na barabara, kwenye kitongoji cha nyumba chache za ukoo, kama Wazigua wengi walivyokuwa wakiishi. Ikaja Operesheni Vijiji. Watu wakatakiwa kuhamia vijijini, na kwa wengi kijiji kilimaanisha mistari ya nyumba kando ya barabara, ambako serikali ingeweza kuwafikishia shule, maji na zahanati. Bibi alionyeshwa kiwanja akaambiwa hapa ndipo kwako. Hakukuwa na karatasi. Alipewa neno la mdomo na fimbo nne ardhini.

Mwaka 1985 Mjomba alipotaka kujenga banda alikwenda kuuliza hifadhi ya barabara ni mita ngapi. Akaambiwa 22 na nusu kutoka katikati. Akaongeza tatu na nusu za tahadhari, akachimba nguzo ya kwanza kwenye mita 26. Alikuwa halali. Kisha ikaja Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, na hifadhi ya barabara kuu ikapanuliwa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Banda halikusogea hata inchi moja, lakini sasa lilikuwa barabarani.

Hatua ya pili: kuta

Banda la kwanza halikuwa na tofali. Lilijengwa kwa mkonge. Simaanishi majani. Namaanisha ule mti mrefu mwembamba unaochipua katikati ya mkonge unapozeeka. Mmea unatoa mti huo mara moja tu maishani, unachanua, halafu unakufa. Wenyeji wa mashambani wanaukata, wanaukausha, wanajengea mabanda na nyua. Ni mwepesi, haugharimu kitu, na baada ya miaka michache wadudu na unyevu wanauzoza, unabadilisha.

Nilimuuliza Mjomba kwa nini hakutumia mbao. Akanitazama kama nimeuliza kwa nini samaki hawanunui maji. Mkonge ndio uliomlea. Mmea huo uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf. Inasimuliwa kwamba miche 1,000 ilisafirishwa kutoka Florida kupitia Hamburg, na iliyofika hai na kupandwa huku Tanga ni 62 tu. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ukaanza Tanga, na mwaka 1902 ikafika Korogwe. Mashamba yakaifuata reli, watu wakayafuata mashamba. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Mjomba aliingia shamba la mkonge mwaka 1969 akiwa na miaka 17. Hakwenda kukata majani, alikwenda karakana, kama spana boi. Shamba kubwa lilikuwa na karakana yake kamili: matrekta, malori, na ile mashine ya kuchakata majani ambayo wote waliiita korona. Neno karakana lenyewe lina asili ya Kiajemi, maana yake ni nyumba ya kazi, na kwa Mjomba ilikuwa hivyo kweli. Pale alijifunza kusikiliza injini kabla ya kuifungua.

Na pale pia ndipo alipoiona gereji ya nyumbani kwa mara ya kwanza. Nyumba ya meneja, juu kilimani, ilikuwa na chumba cha pembeni cha mawe, mlango wa mbao wa kufungukia pande mbili, sakafu ya saruji. "Gari lilikuwa linalala chini ya bati," Mjomba alisema, "na sisi kambini tulikuwa tukivujiwa." Mwaka 1967 mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa, mameneja wakabadilika, rangi za mameneja zikabadilika. Ile gereji ya mawe ilibaki ya meneja.

Safari hii kuta ni za tofali za saruji za inchi sita. Hesabu nakupa, huenda nawe una mpango: banda lenye upana wa mita 3.5 na urefu wa mita 6 kwa ndani, kuta za kimo cha mita 2.7, linakula tofali kama 450 juu ya msingi. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa tofali 30 hivi kama fundi hakuibii, kwa hiyo mifuko 15 ya tofali tu, bado msingi, sakafu na mkanda wa zege juu ya kuta. Upana wa mita 3 ungetosha gari kuingia, lakini dereva naye lazima afungue mlango atoke. Hilo watu wengi wanalikumbuka ukuta ukishakauka.

Saruji tulinunua Korogwe. Mjomba alipapasa mfuko wa kwanza, akasema mwaka 1985 hata kwa fedha mkononi usingeupata hivi hivi. Kiwanda cha Tanga kilikuwa kimekwishaanza kazi pale Pongwe tangu mwaka 1980, lakini nchi ilikuwa imekaukiwa na kila kitu. Saruji ilikuwa ya kibali.

Hatua ya tatu: shimo

Hapa ndipo fundi wetu wa Korogwe alipogoma. Kijana mzuri, anajua kazi, ila kwenye simu yake alikuwa na picha za gereji za nyumbani za Ulaya, na zote sakafu tupu inang'aa. "Mzee, shimo la nini? Gari ukiliharibia unapeleka gereji." Mjomba akamjibu: "Mwanangu, hapa ndiyo gereji."

Miaka ya sabini kamba za plastiki ziliimaliza bei ya mkonge duniani, na vita ya Kagera na mafuta ghali vikaimaliza hazina. Magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili mchana ili kubana mafuta. Vipuri havikuwepo. Katikati ya miaka ya themanini uzalishaji wa mkonge ulikuwa umeshuka chini ya tani 40,000. Shamba la Mjomba lilianza kuchelewesha mishahara, kisha likaanza kupunguza watu, kisha karakana ikafungwa kufuli. Makanika waliotawanyika kutoka mashambani miaka ile hawakuondoka na kitu ila mikono yao. Wachache, Mjomba akiwamo, waliondoka pia na spana.

Lakini mwaka 1984 serikali ilikuwa imelegeza kamba: mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana alizipataje. Mwaka uliofuata akaingia Rais Mwinyi, na watu wakaizoea ruksa. Pikapu zikaanza kuonekana njia panda. Na gari jipya likiingia, la zamani linauzwa. Mjomba akanunua Datsun 1200 iliyokufa, Tanga mjini, kwa kiinua mgongo chake chote. Ikavutwa kwa kamba hadi Segera. Yaani gari halikuwa linatembea, lakini aliona lazima kwanza lipate pa kulala. Bibi alimwona amechanganyikiwa: nyumba ya binadamu inavuja, yeye anaijengea maiti.

Akachimba shimo. Upana sentimeta 80, kina kama kifua chake, kingo akazijengea mawe. Akaisukuma Datsun juu yake, akashuka chini na kibatari, na baada ya miezi minne ikanguruma. (Kibatari shimoni msijaribu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala chini, ukisubiri moto. Mjomba mwenyewe anakiri kwamba Mungu alikuwa upande wake. Na injini isiwashwe banda likiwa limefungwa: moshi wa gari una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu, inaua mtu akidhani anasinzia. Tumeweka tofali za matundu pande zote mbili, juu na chini.)

Wiki ile ile jirani akaleta pikipiki. Kisha ikaja Land Rover ya mtu wa Kabuku. Kisha malori, ambayo hayakuingia bandani, yakawa yanatengenezwa barazani na dereva analala chini ya lori lake. Ndivyo banda lilivyogeuka gereji. Hakukuwa na bango. Huko Marekani wanazisimulia gereji zao kama hadithi za utajiri. Wale vijana wawili wa Hewlett-Packard walianzia kwenye gereji ya nyumba huko Palo Alto, na leo inahifadhiwa kama mahali pa kihistoria. Shimo la Mjomba halijazaa kampuni. Limezaa ada za shule za watoto saba. Mimi sikuwa mwanawe wa kumzaa, lakini ada yangu ya sekondari yote ilitoka mle ndani. Alikuwa akinipa noti zina alama za vidole vya oili, na mhasibu wa shule akizipokea kwa ncha za vidole.

Fundi wa Korogwe alichimba shimo.

Hatua ya nne: paa na mlango

Kenchi ni za mbao, papi juu yake, bati za geji 30. Paa linamwaga maji nyuma, sio mbele, kwa sababu maji yakishuka mlangoni yanaingia shimoni. Sakafu nayo ina mteremko mdogo kuelekea nje. Haya ni mambo madogo, ila gharama ya kuyasahau huwa kubwa.

Kuhusu mlango nilimsimulia Mjomba kisa cha Henry Ford, akakipenda mno. Mwaka 1896, kule Detroit, Ford alimaliza kuunda gari lake la kwanza kwenye kibanda nyuma ya nyumba aliyopanga. Usiku wa kulitoa akagundua mlango ni mwembamba kuliko gari. Akachukua shoka, akabomoa ukuta. "Mtu akijenga gari asahau mlango," Mjomba alisema akifuta machozi ya kucheka, "basi na mimi nina akili." Mlango wetu una upana wa mita 2.8.

Mlango wa zamani aliutengeneza mwenyewe kwa mapipa ya mafuta, aliyoyapasua na kuyanyoosha kwa nyundo. Ndio kitu pekee kilichopona banda lilipoanguka. Na juu yake, upande wa nje, kuna alama ya X ya kijani.

Ilipakwa asubuhi moja, miaka kadhaa baada ya sheria ile. Walikuja vijana wawili na kopo la rangi, wakasalimia vizuri, "shikamoo mzee", wakapiga X, wakaondoka. X nyekundu maana yake uliingia hifadhini, bomoa mwenyewe. Ya kijani ni kwa waliokuwa ndani ya zile mita saba na nusu zilizoongezwa: barabara ikilihitaji eneo lao, wanastahili fidia. Kwenye karatasi, hiyo ni haki. Mjomba aliielewa hivyo, akangoja.

Akangoja mwaka wa kwanza. Nguzo mbili za mkonge zilikuwa zimeoza, wakati wake wa kubadilishwa. Hakubadilisha. Utaitengenezaje nyumba iliyohukumiwa? Na fundi atakuchekaje? Mwaka wa pili, wa tatu. Wateja wakaiona X, wakadhani gereji imefungwa. Wengine wakahamia kwa vijana wa upande wa pili. Barabara haikupanuliwa. Hakuja mtu wa kuvunja, wala mtu wa kulipa. Miaka zaidi ya 20 banda la mkonge lilisimama kwa sababu kila lilipooza lilitiwa nguzo mpya. Liliposimamishwa kutengenezwa likaanza kufa polepole, mpaka mvua ile ya usiku ikalimalizia. Nimeandika habari nyingi za bomoabomoa katika kazi yangu, zenye matingatinga na vilio. Hii sikuijua kama ni habari. Hakukuwa na tingatinga.

Nilimuuliza kwa nini sasa, akiwa na miaka sabini na kitu, anajenga tena. Anaweza kuacha Datsun chini ya mwembe, nani atamlaumu? Alikaa kimya muda mrefu akichambua misumari iliyopinda na iliyonyooka. Kisha akasema: "Meneja aliijengea gari nyumba ya mawe kwa sababu alijua hatahama mpaka atake. Mimi nimejenga kwa miti ya mkonge, kwa sababu sikuwa na hakika. Nataka nijenge moja yenye hakika."

Ndiyo maana hatua ya kwanza kabisa, ambayo sijaitaja, ilikuwa kwenda ofisi ya kijiji kabla ya kununua hata msumari. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamruhusu mwanakijiji kupewa hati ya hakimiliki ya kimila. Tulikwenda na majirani wa pande zote mashahidi, mipaka ikaandikwa. Mchakato bado unaendelea, mihuri haina haraka. Lakini kwa mara ya kwanza tangu 1974 zile fimbo nne za Bibi zina karatasi inayoziongelea.

Na banda tumelisogeza. Ilibidi kung'oa migomba na kuhamisha choo cha zamani, lakini sasa ukuta wa mbele uko mita 34 kutoka katikati ya lami. Mjomba alitaka 32. Nikamwambia nne za tahadhari. Akasema tahadhari yake ya mwisho ilikuwa tatu na nusu na unaona ilivyokuwa, basi iwe nne.

Siku ya kuondoka kwangu Datsun iliingizwa. Haijatembea vizuri tangu mwaka juzi, tuliisukuma watu watano, watoto wakishangilia. Mlango wa mapipa Mjomba amekataa kuutupa. Ameukata katikati, nusu moja ameipigilia miguu ya mbao ikawa meza ya kazi, ukutani kabisa, karibu na shimo. X imeangalia juu. Juu yake amepanga spana kwa ukubwa, kuanzia namba nane.

Nilipokuwa nangoja basi pale njia panda, lori lilisimama. Dereva akashuka akiuliza wauza machungwa kama bado kuna yule mzee wa gereji. Wakamwonyesha kwa kidole: nyuma, nyuma kidogo zaidi.